Kanisa Lenye Baraza

Mtu wa mbali akitajiwa Uwanda wa Makonde, mara huwaza vinyago. Hatumlaumu, kwa kuwa mikono ya wachongaji wa Kimakonde imelipatia taifa letu sifa katika pembe nyingi za dunia. Lakini utamaduni wa watu haumo katika vitu vya kutazamwa peke yake. Umo pia katika namna wanavyoketi, wanavyopokea wageni, wanavyozika na wanavyogawana maji. Katika insha hii tumekusudia kueleza habari ya jengo moja lisilo na sifa yoyote nje ya kata yake, yaani kanisa la kijiji chetu lililoko juu ya uwanda, kando ya njia iendayo Newala kutoka Masasi. Na jinsi sisi tuliolifunga kwa kufuli tulivyolazimika kujifunza upya kulifungua. Hatuwaandikii Wakristo tu. Lililotupata sisi laweza kuupata msikiti, shule, ofisi ya kijiji, au nyumba yoyote iliyojengwa kwa jasho la wengi.

Msomaji asiyeijua nchi hii yafaa aelezwe kwanza umbo lake. Masasi iko chini, katika nchi tambarare yenye vilima vya mawe matupu vinavyochomoza ghafla kama migongo ya tembo. Ukitoka huko kuelekea mashariki, barabara hupanda ukingo wa uwanda, mikorosho huzidi kusongamana, na upepo huwa wa baridi. Huko Newala, hapo paitwapo Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafla, na mtu huliona bonde la Ruvuma limelala mbali chini yake, na nchi ya Msumbiji ng'ambo ya pili. Ni nchi nzuri, lakini ina kiu. Udongo wake wa mchanga huyanywa maji ya mvua upesi, na juu ya uwanda hakuna mto wa kuchotwa. Bibi zetu walikuwa wakiondoka alfajiri kuteremka mabondeni, wakarudi jua likiwa juu na mtungi mmoja kichwani. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka chini kuja juu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kila mtambo una siku yake ya kuharibika, na siku hiyo uwanda hurudi katika hali yake ya kale.

Kwa sababu hiyo, kwetu paa la bati ni zaidi ya kinga ya mvua: ni kisima. Wanafunzi wetu wa hesabu na wapige hesabu hii. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kanisa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Siku moja ya mvua ya milimita 50 huliangushia paa hilo lita 10,000, ambazo ni madebe 500 ya lita 20. Hata tukitoa maji yanayopotea katika mifereji na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi, bado ni akiba ambayo hakuna nyumba ya mtu mmoja iwezayo kuipata. Tafadhali msomaji aishike hesabu hii, kwa kuwa ugomvi wetu ulianzia hapo.

Kabla ya kuufikia ugomvi huo yatupasa kurudi nyuma kidogo, ili ijulikane kwamba kanisa katika nchi ya Masasi na Newala halikuzaliwa kama nyumba ya siku moja kwa juma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi za UMCA, aliondoka Unguja akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliokusudia kurudi upande wa Ziwa Nyasa. Walipita Lindi, wakaingia bara, na walipofika Masasi wakaona kwamba hapo panatosha kuwa kwao. Mjini Unguja Steere alikuwa akijenga kanisa kuu la mawe mahali palipokuwa soko la watumwa, pale Mkunazini. Huku Masasi watu wale wale waliouzwa sokoni, au ndugu zao, walianza na kijiji: mashamba, nyumba, shule na sala vikaanza pamoja, kwa mikono ile ile.

Kijiji hicho kilijaribiwa mara nyingi. Mwaka 1882 kilishambuliwa na Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Wamagwangwara, na baadhi ya watu wake wakachukuliwa mateka. Kazi ya Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa misheni hapo, ikahamia Newala chini ya ulinzi wa Matola, chifu wa Wayao. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, misheni ya Masasi iliingia tena katika moto. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari wa Kiingereza wakawekwa kizuizini na Wajerumani, na kundi likabaki mikononi mwa mapadre na walimu wenyeji. Watu waliokwisha kupitia mambo hayo walijua kutofautisha jengo na jamaa. Jengo liliweza kuungua, na jamaa ikasali chini ya mwembe.

Tena kuna jambo ambalo liliifanya Masasi ijulikane kwa wataalamu wa dini na historia hata ng'ambo, nalo ni jando la Kikristo. Wamisionari wengi wa zamani waliitazama jando na unyago kama giza tupu, wakawataka waumini wachague mojawapo, kanisa au mila. Huku Masasi mapadre Waafrika, ambao wao wenyewe walikuwa wazaliwa wa mila hizo, waliona kwamba mtoto asiyepita jandoni hatahesabiwa kuwa mtu mzima mbele ya wenziwe, na kwamba kumfukuza jandoni ni kumfukuza nyumbani. Padre Kolumba Msigala ni mmoja wa wale walioacha kumbukumbu za maisha ya kanisa la siku hizo. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliliunga mkono jambo hilo na kulitetea kwa maandishi, hata jina lake likapata sifa yote. Lakini watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba mapadre wenyeji walikuwa na sehemu kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Jando likafanywa kwa sala, padre akafika kambini, na vijana walipopona wakarudi kwa maandamano kuja kanisani kushukuru.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu linahusu mahali pa ibada. Kambi ya vichaka na nyasi, ambayo jana ilikuwa pori na kesho itachomwa moto, iligeuka kuwa kanisa kwa majuma kadhaa. Wazee wetu hawakuona ajabu. Kama kanisa liliweza kutoka likaenda kichakani kuwafuata watoto, sembuse kufungua mlango wake ili kijiji kiingie?

Nasi tulilelewa katika jengo la namna hiyo. Tulipoanza shule mwaka 1965, wakati Trevor Huddleston, yule padre aliyewatetea watu wa Sophiatown kule Afrika Kusini, alipokuwa Askofu wa Masasi, darasa letu la kwanza lilikuwa kanisani. Lilikuwa jengo la miti na udongo lililoezekwa kwa nyasi. Jumatatu hadi Ijumaa pazia jeupe lilifungwa mbele ya altare, na ubao mweusi ukaegemezwa kwenye nguzo. Tuliketi juu ya mikeka tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, na wakubwa wetu juu ya magogo. Alasiri kina mama walifika kupimiwa watoto. Jumamosi tulifagia, tukatoa ubao nje, tukaweka maua ya porini. Na Jumapili pazia lilipofunguliwa, tuliingia mahali palepale tulipochapwa siku ya Alhamisi kwa kukosa hesabu, lakini hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa anyamaze. Pazia lile lilitufundisha utakatifu kuliko kufuli lolote tulilopata kuliona baadaye.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule za madhehebu kuwa shule za umma, na kati ya 1973 na 1976 watu wa Newala na Masasi, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamia katika vijiji vya pamoja. Shule yetu ilipata madarasa yake yenyewe, watoto wa dini zote wakaketi pamoja, na sisi tuliokuja kuwa walimu katika madarasa hayo hatuwezi kusema kwamba lilikuwa jambo baya. Kanisa nalo likajengwa upya katika kijiji kipya, kwa matofali na bati. Ila hakuna aliyeuliza jengo hili jipya litafanya nini kuanzia Jumatatu. Kazi zake tano zilikuwa zimeondoka moja moja, ikabaki moja.

Na nyumba yenye kazi moja huanza kujengwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Miaka ikapita, fedha za korosho zilipokuwa nzuri tukaweka mabenchi ya saruji yaliyoshikana na sakafu, safu baada ya safu, yote yakitazama mbele. Baadhi ya jamaa walilipia benchi zima kwa ukumbusho wa maiti wao, na majina yakaandikwa kwenye saruji ilipokuwa mbichi. Tukaweka milango ya chuma. Kisha viti viwili vya padre vikaibwa, nasi tukaweka kufuli. Kisha tukajenga tangi la maji ya mvua la lita nyingi, na kwa kuwa mlango ulikuwa na kufuli, hatukuona taabu kuweka kufuli la pili kwenye bomba. Tunasema "tukaweka" kwa makusudi, kwa kuwa tulikuwamo katika kamati ya ujenzi, na mkono wetu ulinyoshwa pamoja na mingine.

Siku iliyotufumbua macho ilikuwa siku ya msiba, katikati ya mvua za masika. Alifariki mzee mmoja Mkristo, ambaye dada zake wawili, kama ilivyo katika koo nyingi za huku, ni Waislamu. Watu walikuja kutoka Masasi, kutoka Newala, na hata kutoka Tandahimba. Nyumba ya marehemu ilikuwa ndogo, nao wakaketi chini ya mikorosho. Saa nane mchana wingu likafunguka. Katekista mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Masasi kununua sanda na misumari ya jeneza. Tuliwaona kwa macho yetu wajane na wazee wamejibana kwenye ukuta wa kanisa, chini ya upenyo wa bati usiozidi shibiri mbili, maji yakiwamwagikia migongoni. Na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na nafasi ya watu mia tatu, kavu, tupu. Mifereji ilikuwa ikijaza tangi hata likafurika, na wapishi wa msiba walikuwa wakikinga maji ya kupikia kwa sufuria, kwa kuwa bomba lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyetutukana. Dada mmoja wa marehemu alituamkia kwa adabu zote, akasema tu, "Mwalimu, mvua ni baraka." Laiti angetutukana.

Baada ya arobaini kamati iliitisha mkutano. Wa kwanza kusema alikuwa bibi mmoja mzee, ambaye siku zile za kanisa la nyasi alikuwa mpishi wa uji wa watoto. "Wanangu," alisema, "mimi sijui kujenga. Nauliza kitu kimoja. Kanisa lile la udongo halikuwa na mlango, na hakuna siku liliibiwa. Hili lina mlango wa chuma, nasi ndio tulioibiwa." Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha.

Ndipo likaja wazo la kulitengeneza jengo upya. Si wote walioliafiki, na haitakuwa haki kuwaonyesha waliopinga kama wajinga. Mzee mmoja alikuwa na mwana aliyekufa akiwa kijana, na jina la mwana huyo lilikuwa kwenye benchi la tatu upande wa kulia. Kila Jumapili alikaa hapo, mkono wake juu ya maandishi. Alisimama akasema kwamba wengine wanazungumza habari za nafasi, yeye anazungumza habari za kaburi. Kwa kuwa mwanawe alizikwa mbali, na benchi lile ndilo jiwe pekee alilo nalo. Wengine waliogopa kwamba nyumba ikifunguliwa itageuka ukumbi wa muziki wa harusi na mikutano ya vyama. Kijana mmoja aliyepata kusoma mjini alidai kwamba mabenchi ni desturi ya kanisa tangu zamani, na kuyatoa ni kuvunja mapokeo.

Hili la mwisho lilitubidi tulijibu, kwa kuwa tulikuwa walimu wa historia. Neno basilika, ambalo Wakristo wa kale walilitumia kwa makanisa yao makubwa, lilitoka kwa Warumi, nalo lilikuwa jina la ukumbi wa hukumu na biashara. Huko Ulaya watu walisali kwa karne nyingi wakiwa wamesimama au wamepiga magoti juu ya sakafu wazi, na viti vya kukaziwa vilienea hasa mwishoni mwa Zama za Kati na baada ya Matengenezo ya karne ya 16, mahubiri yalipokuwa marefu. Katika Ethiopia, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba kule Lalibela, waumini husimama na kuegemea fimbo zao hata leo. Ndugu zetu wa Katoliki, ambao abasia yao ya Ndanda haiko mbali nasi, walibadili mpango wa ndani wa makanisa yao baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, padre akaigeukia jamaa yake, nao hawakuacha kuwa Wakatoliki. Wala hatukuhitaji kwenda mbali hivyo: msikiti wa kijijini kwetu una mikeka tu, na asubuhi watoto hukaa juu ya mikeka hiyo hiyo kusoma. Benchi ni samani. Lina faida yake, hasa kwa magoti ya wazee, lakini si amri.

Mazungumzo yalichukua miezi, kama yapasavyo. Mwisho wake tulikubaliana mambo manne, nayo tunayaeleza kwa urefu kwa kuwa huenda yakawafaa wengine.

La kwanza ni altare. Hiyo haikuguswa. Iko mahali pake, imejengwa, na mbele yake tumerudisha pazia la utoto wetu. Pazia likifungwa, nyumba ni ya kijiji. Likifunguliwa, nyumba ni ya ibada. Tuligundua kwamba kadiri kitu kimoja kilivyokazwa mahali pake, ndivyo watu walivyoacha kuogopa kuvisogeza vingine.

La pili ni sakafu. Mabenchi ya saruji ya katikati yalivunjwa, na seremala wa kijijini akatengeneza mabenchi ya mbao ambayo watu wawili huweza kuyabeba. Chumba kidogo kimeongezwa nyuma pa kuyapanga, maana samani zisizo na mahali pa kuwekwa huziba nafasi ileile iliyotafutwa. Sasa katika Misa za kawaida watu huketi kwa safu. Katika ubatizo huzunguka kisima cha ubatizo. Na siku za kliniki ya watoto wachanga au masomo ya watu wazima mabenchi huondolewa na mikeka hutandikwa. Mabenchi ya saruji yaliyokuwa kando ya kuta yaliachwa. Vipande vyenye majina vilikatwa kwa uangalifu vikajengwa katika ukuta wa kulia, kwa kimo cha mtu aliyeketi. Yule mzee alichagua mwenyewe mahali pa kipande chake. Hakuwahi kusema kwamba amependezwa. Huketi hapo kila Jumapili, bega lake likigusa ukuta, nasi hatumwulizi.

La tatu ni baraza, na hili ndilo tunalojivunia. Paa liliongezwa pande zote mbili ndefu za jengo, upana wa mita mbili na nusu, likashikwa kwa nguzo, na chini yake pakajengwa kibaraza cha kukalia. Milango miwili imefunguliwa kila upande. Jambo hili lilitoka kwa dada wa yule marehemu, yule aliyetuamkia mvuani. Tulipokwenda kumwomba radhi na kumwuliza maoni, alisema kwamba yeye hatapenda kuingia kukaa ndani wakati wa Misa, kwa kuwa ana dini yake, lakini pia hataki kumzika ndugu yake akiwa amesimama juani kama mpita njia. Baraza imempa mahali. Anakaa chini ya paa moja na jamaa yake, anasikia, anaonekana, wala hakuna anayemlazimisha kuitikia sala isiyo yake. Kila nyumba ya kwetu yenye heshima ina baraza, ambapo mgeni hupokelewa kabla haijajulikana kama ataingia ndani. Kanisa letu lilikuwa nyumba ya namna yake katika kijiji kizima kwa kukosa kitu hicho, na kwa miaka yote hiyo hatukuona.

La nne ni maji. Kufuli la bomba liliondolewa, ikawekwa zamu. Kamati ya maji ina wajumbe wa kanisa na wa msikiti kwa idadi sawa, kwa kuwa paa la baraza limeongeza maji, na maji hayana dhehebu. Katika siku za kiangazi, mitambo ikisimama, kila kaya hupata debe lake kwa zamu, kaya zenye wagonjwa na wazee zikitangulia. Yametokea magomvi, na yatatokea tena. Lakini watu wagombanao juu ya zamu wamekwisha kukubaliana juu ya haki.

Hofu za wapinzani hazikuwa bure. Katika mwaka wa kwanza harusi moja ilileta vipaza sauti vikubwa, na usiku kucha hapakulalika. Kamati ikapiga marufuku muziki wa namna hiyo. Chama kimoja kikaomba kufanyia kampeni humo, kikakataliwa. Cha pili nacho kikakataliwa, ili la kwanza lisionekane kuwa upendeleo. Viti vinne vimevunjika. Siku moja padre alifika kusalisha akakuta mizani ya kupimia watoto inaning'inia kwenye boriti mbele ya pazia, akaishusha mwenyewe. Nyumba iliyo wazi ina usumbufu wake, nasi hatumfichi msomaji. Mambo haya huhitaji watu wa kufagia, wa kupanga, wa kusema hapana kwa upole. Jengo lililofungwa halihitaji mtu, na hiyo ndiyo kasoro yake.

Mwaka uliofuata vijana walirudi kutoka jandoni. Walikuja kwa maandamano kama zamani, wamevaa nguo mpya, mama zao wakipiga vigelegele tangu njia panda. Miaka ya nyuma shukrani hiyo ilifanyika kwa kusukumana, nusu ya jamaa wakichungulia madirishani. Safari hii mabenchi yalitolewa yote. Vijana waliketi mikekani katikati, wazazi wakawazunguka, wazee kando ya kuta, na kwenye baraza zote mbili wakajaa ndugu wa dini nyingine na wa kutoka vijiji vingine. Pazia likafunguliwa. Tulikuwa tumesimama karibu na mlango wa upande wa mashariki, na kwa kitambo tukasahau kuwahesabu watu, kazi ambayo tulikuwa tumepewa na katibu.

Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni na Vijana mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alitaka taifa lirudi kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yake. Wengi wetu tuliielewa kazi hiyo kuwa ya kukusanya ngoma na methali, nayo ni kazi njema. Lakini desturi ya kumpa mgeni mahali pa kukaa, na ya kutokunywa maji peke yako wakati jirani ana kiu, haiwezi kukusanywa ikawekwa katika makumbusho. Hutunzwa kwa kujengewa nafasi: kibaraza, mlango wa upande, mkeka uliokunjwa tayari. Walimu wenzetu wanaosoma insha hii pamoja na wanafunzi wao na watoke nje siku moja, wayatazame majengo ya kijiji chao, wakiuliza katika kila moja: kazi yake ya Jumatatu ni ipi, na mvua ikinyesha sasa hivi, nani atabaki nje?

Sisi tulipoulizwa swali hilo tulikuwa na ufunguo mfukoni mwa mtu aliyekuwa mbali. Leo ufunguo upo bado, wa chumba cha viti, nao umetundikwa kwenye msumari barazani, mahali ambapo hata mtoto anaufikia.